Tuliovaa kombati za Marekani na masikio yanayolia: fomu za VA, vipimo, na kosa langu mwenyewe

#1 MvutaKamba155

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa ndugu zetu waliohudumu jeshi la Marekani, hasa sisi tulioingia kwa mpango wa MAVNI, ule ulioanza 2009 ukachukua watu kwa ajili ya lugha zao, Kiswahili kikiwemo. Wengi tulishatoka. Tunaendesha malori, tunauguza wazee, na usiku masikio yanalia. Nataka niwaeleze nilivyolipoteza dai langu la kwanza la fidia kwa VA, ile idara ya Marekani inayowahudumia maveterani, yaani waliotoka jeshini, kwa sababu ya "sijambo".

Mimi nilikuwa 13B, mizinga. Kwenye M777 ya milimita 155 nilikuwa namba moja, yaani yule anayevuta kamba. Ukivuta, kifua kinapigwa kama umesukumwa na mtu, vumbi linanyanyuka lenyewe kutoka ardhini, na kwa sekunde kadhaa unaona watu wanafungua midomo bila sauti. Afghanistan 2012 kuna usiku tulifyatua mpaka alfajiri. Vizibo vya masikio tulikuwa navyo, lakini amri za mzinga zinatolewa kwa kupiga kelele, na usipoisikia amri unaweza kumuua mwenzako. Kwa hiyo kizibo kimoja unakilegeza. Aliyewahi kukaa kwenye mzinga anaijua hiyo.

Asubuhi yake niliamka nikasikia nyenje. Nikadhani kweli ni nyenje, kama wale wa kwetu Pangani baada ya mvua. Nikamuuliza mwenzangu, hivi huku kuna nyenje? Akanitazama tu. Pale tulipokuwa hata kichaka hakuna. Nyenje hao hawajanyamaza mpaka leo naandika.

Tuliporudi tukapewa fomu ya afya. Kulikuwa na kisanduku cha kuuliza kama masikio yanavuma. Nyuma yangu foleni, nje familia zinangoja, na maneno yaliyokuwa yakizunguka ni kwamba ukitia "ndiyo" popote unabakizwa kwa vipimo. Nikatia "hapana" kuanzia juu hadi chini. Nilipotoka jeshini 2014, hivyo hivyo.

2019 ndipo nikajaza dai. Nikapelekwa kupimwa kwenye kliniki ya kandarasi, jina sina haja ya kulitaja. Mama mmoja mpole. Akaniuliza hali, nikasema niko salama kabisa. Akauliza: masikio yako yanalia kengele? Nikafikiria kengele ya shule, kengele ya kanisani. Nikasema hapana. Na kweli si kengele, ni nyenje! Akaandika kwamba mhusika amekana. Baada ya muda barua ikaja: dai limekataliwa, hakuna tatizo lililothibitika.

Nilirudi na dai la nyongeza kabla mwaka haujaisha, safari hii nikiwa na maelezo ya mke wangu na ya jamaa tuliyekuwa naye mzinga mmoja. Nikapewa asilimia 10 ya mlio (VA huupima ulemavu kwa asilimia, na malipo yanafuata hapo), na malipo yakahesabiwa toka tarehe ya dai la kwanza kwa kuwa ule mwaka sikuupitisha. Usikivu wenyewe nimepewa sifuri. Hiyo sifuri ina kisa chake, nitakuja nayo.

Uzi tayari. Wenye uzoefu karibuni.

#2 Chausiku_Temeke

Naweka kambi hapa. Nina binamu Texas analala na redio imewashwa kwenye chengachenga tupu, hakuna stesheni. Alipokuja likizo bibi akasema ana majini, akaitiwa mtu wa kumsomea. Kumbe!

#3 BintiKisauni

Ahsante kaka kwa kulisema wazi. Mimi najitolea kwenye ofisi ya kusaidia maveterani jimboni kwetu. Huwaambia wanaokuja: dai la VA ni sufuria juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza, una tatizo leo. La pili, kuna jambo lilitokea jeshini. La tatu, mtaalamu au ushahidi unaunganisha hayo mawili. Moja likikosekana chakula kinamwagika. Kwa MvutaKamba figa la pili lilikuwa jabali, nani atabisha kwamba mzinga una kelele? Kilichomwangusha ni la kwanza, na alilitoa mwenyewe kwa mkono wake.

Kipimo cha ushahidi si kama cha mahakama ya jinai. Inatosha uwezekano uwe nusu kwa nusu kwamba jeshi ndilo lililosababisha. Mizani ikisimama sawa, sheria inasema mwenye dai ndiye anayepewa.

Sasa mlio wa masikio, tinitasi, una jambo la pekee: hakuna mashine inayousikia. Shahidi ni mwenye sikio. Mahakama ya rufaa za maveterani ilishasema 2002, kesi ya Charles, kwamba mtu wa kawaida anaweza kutoa ushahidi wa mlio wake mwenyewe bila kuwa daktari. Kwa hiyo ulichosema, na ulichonyamaza usiseme, ndilo faili lako lote.

#4 Mpishi_wa_Bukavu

Jambo ba kaka na ba dada. Miye nilikuwa mpishi, 92G. Sikupiga mzinga hata siku moja. Lakini jikoni ya kambini tulikuwa na jenereta karibu na hema, kutoka saa tisa ya usiku mpaka magharibi, mwaka muzima. Sasa sikio ya kushoto inalia. Rafiki yangu moja ananiambia mpishi hawezi kupewa, ni kupoteza wakati. Ni kweli?

#5 BintiKisauni

Si kweli, ndugu yangu. VA wana orodha inayozipanga kazi za jeshi kwa kelele: uwezekano mkubwa, wa kati, mdogo. Kazi ya mzinga iko juu kabisa, na mpishi hutarajii kumkuta pale. Lakini orodha hiyo inasaidia kukubali haraka, haikuwekwa ili kukataa. Wewe andika jenereta: ilikuwa hatua ngapi kutoka ulipokuwa unasimama, saa ngapi kwa siku, uliwahi kupewa vizibo au la, na ulikuwa ukiwaitaje wenzako (kwa kupiga kelele, si ndiyo?). Mkuu wako wa jiko kama yupo hai, fomu ya mashahidi ni 21-10210. Nusu ukurasa unatosha.

Na leo hii, kabla hujaandika lolote, wasilisha 21-0966. Hiyo ni ya kuwaambia kwamba unakusudia kudai. Inakushikia tarehe kwa mwaka mzima. Ukikamilisha dai lenyewe, 21-526EZ, ndani ya mwaka huo, malipo yanaweza kuhesabiwa kuanzia leo.

#6 Kiroboto_Sugu

Samahani wakuu, mimi niko Mbagala na nitasema linalonikera. Baba yangu amesaga unga miaka thelathini. Ukimsalimia lazima upige kelele kama unaita daladala. Hakuna aliyemlipa hata mia. Ninyi mnalipwa na Mmarekani kwa kusikia nyenje?

#7 MvutaKamba155

Kiroboto, sikubishii. Shikamoo yangu umfikishie mzee, umpigie sikioni. Hata hivyo usidhani tumejengewa maghorofa. Asilimia 10 kwa viwango vya 2025 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi, haikatwi kodi. Kwa hapa ni bima ya gari na chenji kidogo. Tena mlio ni 10 tu, uwe sikio moja au yote mawili. Kuna waliodai 10 kwa kila sikio, mahakama ikakataa 2006. Na asilimia 10 haiongezwi kwa ajili ya mke na watoto, hilo linaanzia 30.

Ila usiidharau ile 10. Inaingia kwenye hesabu yao ya ajabu. Mwenye 50 akiongeza 10 hawi na 60 ya kujumlisha moja kwa moja: wanachukua asilimia 10 ya ile 50 iliyobaki, yaani 5, inakuwa 55, halafu 55 inapandishwa kuwa 60. Lakini mwenye 70 akiongeza 10 anafika 73, anashushwa kwenye 70 yake ile ile. Nimemwona mtu mzima na shahada yake akilia na kikokotoo.

#8 Mama_Twins_MN

Mimi si mwanajeshi, ni mke. Niliombwa niandike maelezo ya mume wangu nikakaa siku tatu na karatasi nyeupe. Nilianza kuandika mambo makubwamakubwa, "anateseka sana, maisha yamekuwa magumu". Yule mzee aliyekuwa akitusaidia akanirudishia. Akasema andika unachokiona saa nne za usiku.

Basi nikaandika feni. Huku Minnesota Januari theluji imefika dirishani, na feni yetu inazunguka chumbani usiku kucha, imegeuziwa ukutani ili isitupige baridi. Akiizima hapati usingizi. Nikaandika kwamba mtoto akimwita kutoka nyuma anageukia upande mwingine. Kwamba tukila hotelini anachagua kiti cha pembeni, sikio la kulia liwe ukutani, la kushoto liwe kwangu. Kwamba nilimfahamu kabla hajaenda jeshini na alikuwa akinisikia nikimnong'oneza kanisani. Mistari kumi na moja kwa jumla. Barua ya uamuzi iliitaja feni.

#9 Chausiku_Temeke

Feni imegeuziwa ukutani 😭 Dada umeniliza.

#10 MvutaKamba155

Mke wangu naye aliandika kuhusu nyenje. Kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa nilimwamsha usiku nikamwambia twende tukamtafute mdudu ndani ya kabati.

Sasa ile sifuri. Kwenye kipimo cha usikivu kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni vile vimilio, unabonyeza kitufe ukisikia. Wanachukua masafa ya hezi 1000, 2000, 3000 na 4000 na kutafuta wastani wa desibeli, yaani sauti iwe kubwa kiasi gani ndipo uisikie; namba ikipanda, sikio ni baya zaidi. Ya pili ni maneno. Kuna sauti iliyorekodiwa inakutajia maneno ya Kiingereza, unarudia. Maneno hamsini kila sikio. Kinaitwa kipimo cha Maryland, na maneno yake yote yana umbo moja: konsonanti, irabu, konsonanti. Yaani yanaishia kwenye konsonanti kavu.

Sasa nipe Mswahili wa Pangani neno linaloishia konsonanti. Ulimi wangu unatafuta pa kutua! Mpimaji ananitazama, hajui kama nimesikia vibaya au nimetamka vibaya. Mara ya kwanza aliniambia nirudie, nikarudia vile vile, akaandika sijui nini. Nilipata 94 kwa mia kila sikio, nadhani alinihurumia.

#11 BintiKisauni

Kakangu, hapo umegusa jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui kabisa. Kanuni ya VA ya 4.85, kifungu cha (c), inasema mpimaji akithibitisha kuwa kipimo cha maneno hakifai kwa sababu ya ugumu wa lugha, basi maneno yanawekwa kando na inatumika jedwali VIA, linaloangalia desibeli peke yake. Jedwali la kawaida ni VI, linalochanganya desibeli na maneno.

Tofauti yake? Wastani wako ulikuwa ngapi?

#12 MvutaKamba155

58 kulia, 58 kushoto. Kama mapacha.

#13 BintiKisauni

Haya tazama. 58 na maneno 94 kwenye jedwali VI ni daraja II kila sikio. II na II ni asilimia 0. Hiyo ndiyo barua yako. 58 hiyo hiyo kwenye jedwali VIA ni daraja IV kila sikio. IV na IV ni asilimia 10.

Si kwamba kila mwenye lafudhi apelekwe huko. Wewe umeishi hapa miaka, umehudumu jeshini kwa Kiingereza, mpimaji anaweza kusema Kiingereza chako kinatosha na akawa sahihi. Na kwa mwingine maneno ndiyo yanayomsaidia, kwa sababu desibeli zake si mbaya ila hawezi kutofautisha maneno. Lakini swali linafaa kuulizwa chumbani, kabla ya kuvaa zile hedifoni: "Kiingereza si lugha yangu ya kwanza, je, kipimo hiki kinanifaa?" Uamuzi ni wake, na aandike sababu.

Tena jamani msije mkajifanya viziwi. Vile vimilio na maneno vinakaguana. Ukibonyeza kitufe kwa ujanja, majibu hayakubaliani, na mpimaji anaandika hivyo. Baada ya hapo hata kweli yako haiaminiki.

#14 Kiroboto_Sugu

Kwa hiyo mtu anapimwa masikio kwa Kiingereza, akikosea hajulikani kama kakosa sikio au kakosa Kiingereza. Nimecheka peke yangu kwenye mwendokasi.

#15 Nahodha_Mtwapa

Swali. Mimi nilipotoka nilipimwa na masikio yalikuwa sawa kwa kipimo chao. Miaka minane sasa ndiyo naona TV inapanda sauti kila mwezi. Nimechelewa?

#16 BintiKisauni

Hujachelewa, hakuna mwisho wa muda wa kudai. Na kipimo kizuri siku ya kutoka hakifungi mlango, kesi ya Hensley ya 1993 ilishalimaliza hilo. Ila kazi ya figa la tatu inakuwa nzito kidogo, kwa hiyo omba rekodi zako zote za jeshini za vipimo vya masikio, si kile cha mwisho pekee. Linganisha cha kuingia na cha kutoka. Wakati mwingine "sawa" ya kutoka ni desibeli 20 pale ulipoingia na 5.

Na ujue mstari wao uko wapi. Ili VA wauite ulemavu, lazima desibeli zifike 40 kwenye mojawapo ya masafa kati ya 500 na 4000, au 26 kwenye matatu kati ya yale matano wanayopima, au maneno yashuke chini ya 94 kwa mia. Chini ya hapo unaweza kuwa unasumbuka kweli, lakini kwao hakuna kitu.

Kwa walio bado ndani: dai linaweza kuwasilishwa siku 180 hadi 90 kabla ya kutoka. Msifanye kama sisi.

#17 Dereva_I70

Mimi nilimlipa mtu. Kampuni ya mtandaoni, jina naliacha. Walisema watanipandishia asilimia, nikasaini, nikapata mlio 10, halafu wakadai mara tano ya nyongeza ya mwezi. Nililipa. Baadaye naambiwa kazi waliyoifanya ni fomu zile zile.

#18 BintiKisauni

Pole sana. Wengine msome hapo mara mbili. Kwa dai la kwanza hakuna anayeruhusiwa na sheria kukutoza, awe wakili au wakala. Wakili mwenye kibali cha VA anaweza kulipwa baada ya uamuzi wa kwanza kutoka, ukitaka kupinga. Vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion, pamoja na maofisa wa kaunti, hawatozi hata senti. Uliza swali moja: una kibali cha VA? Akianza kuzungukazunguka, aga uondoke.

Ukikataliwa, tangu Februari 2019 njia ni tatu: dai la nyongeza lenye ushahidi mpya, kuomba ofisa wa juu asome upya faili lile lile, au kwenda Bodi ya rufaa za maveterani. Kama alichokosa MvutaKamba ni ushahidi, ofisa wa juu asingemsaidia, angesoma "amekana" ile ile.

#19 Mzee_wa_Kitale

Vijana, nina mpango wa kurudi nyumbani mwakani, nyumba imeisha. Hii pesa itakatwa? Na ile kesi ya vizibo vya masikio ambavyo kampuni ya 3M iliwauzia jeshi, vikadaiwa havikingi, bado?

#20 MvutaKamba155

Mzee shikamoo. Fidia haikatwi kwa kuhama, inaendelea. Kwa matibabu kuna mpango wa VA wa nje ya nchi, FMP, unaolipia tatizo lile tu ambalo VA wamelikubali kuwa limetokana na jeshi. Jiandikishe kabla hujapanda ndege, na anwani yako na ya benki uzibadilishe mapema. Kama unastahili vifaa vya kusaidia kusikia, vichukue ukiwa bado huku, utajishukuru.

Vizibo: 3M walikubali Agosti 2023 kulipa hadi dola bilioni 6.01, bila kukiri kosa. Hilo ni shauri kati ya watu na kampuni, halihusiani na VA. Anayesubiri moja ili afanye lingine anapoteza tarehe bure.

#21 Dereva_I70

Nilisikia VA wanataka kuifuta ile 10 ya mlio.

#22 BintiKisauni

Februari 2022 walichapisha pendekezo kwamba mlio usipewe asilimia yake peke yake, uhesabiwe kama dalili ya tatizo jingine, kama kupoteza usikivu. Ni pendekezo, na lilisema waliokwisha kupewa hawanyang'anywi. Mimi naliona halina haki kwa watu kama Mpishi, ambao usikivu unaweza kuonekana mzuri kwenye karatasi na bado hawalali. Sababu nyingine ya kutochelewa.

#23 Mpishi_wa_Bukavu

Narudi kuleta habari. Ile 21-0966 nilituma siku ile ile. Mkuu wangu wa jiko nimempata, iko Georgia, amestaafu. Nilipomwuliza kama anakumbuka jenereta, alicheka, akasema naye iko nayo kwa sikio ya kuume, maana yeye alikuwa anasimama upande ingine ya meza. Tumeandikiana maelezo, yeye yangu, miye yake.

Barua ya kupimwa imefika, ni alhamisi. Wakiniuliza nasikia kengele, nitasema hapana, si kengele. Nasikia jenereta, na hakuna mutu anaizima.

#24 Chausiku_Temeke

Usiondoke hapo kabla hujaona ameandika "jenereta". Alhamisi tunakusubiri.